Kwa nini nyota zinazaliwa kwenye nyuzi? Wajuvi wa anga tukutane hapa

#1 Mlinzi_wa_Zamu
Wakuu, salaam. Mimi ni mlinzi wa usiku kwenye ghala moja huku Kibaha, kwa hiyo anga naiangalia kuliko ninavyomwangalia mke wangu. Desemba hii Jabari (Orion kwa Kizungu) akifika utosini najua saa sita imegonga, sihitaji simu.

Sasa shida yangu ni hii. Shuleni tulichorewa duara ubaoni, mishale inaelekea ndani, mwalimu anasema wingu la gesi linasinyaa, katikati panapata moto, nyota hiyo hapo. Nikaamini miaka yote. Juzi nimekutana na picha za darubini ya Herschel za mawingu yanayozaa nyota na duara silioni. Ni nyuzi tupu, kama pamba iliyochambuliwa na mtu mwenye haraka, na nyota changa zimejipanga juu ya hizo nyuzi.

Kwa nini nyuzi? Na kwa nini kwenye kundi la Ng'ombe (Taurus) zinazaliwa moja moja, huku kwenye upanga wa Jabari zimezaliwa rundo la elfu mbili na zaidi sehemu moja? Nimeweka picha hapo chini.

#2 Kaa_la_Moto
Uzi kuhusu nyuzi. Natandika mkeka hapa, wajuvi tiririkeni.

#3 Darubini_ya_Mkopo
Mkuu Mlinzi, picha ni za kweli, rangi tu ndizo za kubuni kwa sababu mawimbi hayo jicho haliyaoni. Herschel ilirushwa na shirika la anga la Ulaya tarehe 14 Mei 2009, kioo chake kina mita 3.5, ikafanya kazi hadi Aprili 2013 heliamu ya kuipoozea ilipokwisha. Ilikuwa inaona infraredi ya mbali, yaani lile joto dogo linalotoka kwenye vumbi lenye baridi ya nyuzi 263 chini ya sifuri (samahani kwa nyuzi nyingine).

Nyuzi zenyewe zilijulikana zamani. Barnard, mtazama anga wa Marekani, alipiga picha mistari myeusi kwenye Ng'ombe mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1987 Bally na wenzake waliuchora uzi wa Jabari kwa redio, wakauona umepinda kama S ndefu, wakaulinganisha na alama ya integrali ya wanahisabati. Kilichowashtua watu kwenye Herschel ni kwamba nyuzi ziko kila wingu, hata yale yasiyozaa kitu. Halafu timu ya Philippe André kule Saclay, Ufaransa, ikahesabu kwenye wingu la Aquila na kukuta takriban robo tatu ya vinundu vinavyoelekea kuwa nyota vimekaa juu ya nyuzi nzito. Kinundu hapa ni lile donge dogo ndani ya uzi ambalo bado halijawaka.

#4 Fundi_Bomba
Hili mbona jepesi. Fungua koki kidogo tu, maji yatoke membamba. Pale mdomoni ni uzi mzima, laini kama kioo. Teremka kidogo na jicho, uzi unaanza kuvimba na kubonyea, kuvimba na kubonyea, halafu unakatika matone. Nyota ndiyo matone. Nimeona hivyo miaka kumi na nne chini ya masinki ya watu.

#5 Mwalimu_Chaki
Fundi, mfano wako mzuri na mbaya kwa mpigo. Umbo ni hilo hilo, nguvu sizo. Maji yanakatwa na ule utando wa juu unaojikaza. Gesi ya angani haina utando. Kinachoikata ni mvutano wake yenyewe, na anayepinga ni joto lake yenyewe. Wanaipima kama muuza kamba, kwa urefu: kwa gesi ya baridi ile, uzi ukizidi takriban uzito wa majua 16 kwa kila parseki moja (miakanuru 3.26), joto linashindwa na uzi unaanza kuporomoka ndani yake. Chini ya hapo unaweza kukaa uzi mpaka utawanyike. Hesabu yenyewe ni ya Ostriker, 1964.

Ila msidhani uzi "mzito" ni kitu cha kushika. Kwenye sehemu nene kuna molekuli kama elfu kumi hadi laki moja kwa kila sentimita ya ujazo. Hewa ya kifuani mwako ina bilioni 25 zidisha kwa bilioni. Kinachofanya uzi uwe na nguvu ni ukubwa wake.

Sasa kwa nini uzi badala ya duara? Mlinzi, mwalimu wako alikosea kitu kimoja, alianza na wingu lililo duara kamili, na wingu la hivyo halipo. Chukua donge la unga wa chapati ambalo ni bapa kidogo. Mvutano unamaliza kwanza upande mfupi, kwa kuwa safari ni fupi: donge linakuwa chapati. Chapati nayo haijawa duara sawasawa, upande wake mfupi unajifunga kabla ya mrefu: inakuwa kama umeikunja kwa chai. Huo ndio uzi. Vinundu vinakuja mwisho.

#6 Kaa_la_Moto
Chapati iliyokunjwa, saa nane usiku, mtu yuko ghetto peke yake. Mwalimu una roho mbaya.

#7 Somo_wa_Jambiani
Assalam alaykum. Mambo ya majua kumi na sita siyajui, lakini kamba naijua. Huku kwetu makumbi ya nazi tunayafukia pwani maji kupwa, yanakaa miezi mpaka yaoze, tukiyafukua tunayapiga kwa gongo mpaka usumba utoke. Unachukua usumba kidogo, unausokota viganjani, unapata uzi mwembamba unaochoma vidole. Nyuzi mbili ukizipota pamoja ndiyo kamba. Sijapata kuona kamba iliyozaliwa nene.

Hiyo picha ya Jabari aliyoweka Mlinzi mimi haikunijia kama bomba la fundi. Imenijia kama kamba iliyoanza kufumuka mwishoni. Mna hakika huo ni uzi mmoja?

#8 Darubini_ya_Mkopo
Somo, umeuliza swali ambalo Hacar na wenzake walilitolea makala mwaka 2013. Walichukua uzi mmoja wa Ng'ombe unaoitwa B213, na badala ya kutazama picha wakapima mwendo wa gesi kwa mawimbi ya redio ya kaboni monoksaidi. Machoni uzi mmoja. Ukipanga kwa mwendo, zinajitenga nyuzinyuzi nyingi, kila moja na mwendo wake, zimelaliana kama usumba. Mwaka 2018 wakaenda Jabari kwa darubini za ALMA kule jangwani Chile, wakahesabu nyuzinyuzi 55.

Hoja yao inamjibu Mlinzi swali la pili: Ng'ombe na Jabari wana usumba ule ule, tofauti ni nyuzi ngapi zimesongamana mahali pamoja. Chache, unapata nyota moja moja. Nyingi, unapata rundo.

#9 Mwalimu_Chaki
Hapo #8 weka breki kidogo. Waliotengeneza mawingu ndani ya kompyuta wameonyesha kwamba vipande viwili vya gesi vyenye mwendo sawa vinaweza kuwa mbalimbali kabisa, vimepangana tu mbele ya jicho letu. Na uzi mmoja wa kweli unaweza kuonekana nyuzi mbili kwa sababu ya mwendo. Tunatazama kitu cha pande tatu kikiwa kimelazwa kwenye karatasi. Somo anaweza kuifumua kamba yake mkononi, Hacar hawezi.

#10 Somo_wa_Jambiani
Basi awe mpole kuhesabu.

#11 Mtoto_wa_Malindi
Hamjambo nyote. Kabla sijauliza, mjue satelaiti ya kwanza kabisa iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco hapa kwetu baharini, tarehe 12 Desemba 1970, ikaitwa Uhuru. Wengi wenu hamjui.

Swali: darubini ya redio ya MeerKAT ya Afrika Kusini ilitoa picha mwaka 2022 ya katikati ya Njia Nyeupe, mna nyuzi karibu elfu moja zimesimama sambamba kama nyuzi za zeze. Si ndizo hizi? Kwa nini mwahangaika na Wazungu wa Ulaya ilhali Afrika tumeziona?

#12 Mwalimu_Chaki
Uhuru tumeipokea, heshima kwa Malindi. Lakini nyuzi za MeerKAT ni kabila jingine. Zile zinang'aa kwa sababu ya elektroni zinazokimbia karibu na kasi ya nuru zikiwa zimefungwa na ugasumaku, yaani nguvu ya sumaku iliyotanda angani. Humo hamna gesi baridi ya kuzaa nyota. Na kabla mwingine hajaja, kuna nyuzi za aina ya tatu, zile zilizopangwa magalaksi juu yake, urefu wake mamilioni ya miakanuru. Hizo nazo si hizi. Neno moja, vitu vitatu.

#13 Kaa_la_Moto
Vinne. Na huu uzi wetu.

#14 Mbeba_Boksi
Nawasalimu kutoka Ujerumani, nje kuna barafu. Naomba niharibu sherehe. Kinachogombaniwa kuliko vyote kwenye habari hii ni UPANA. Mwaka 2011 Arzoumanian na wenzake walipima nyuzi za Herschel wakakuta, ziwe nene au nyembamba kwa uzito, zote zina upana wa karibu 0.1 ya parseki. Hiyo ni kama mara elfu ishirini ya umbali wa dunia na jua. Uzi wenye gesi nyingi ulitakiwa ujibane uwe mwembamba zaidi. Haujibani. Kwa nini?

Wapo wanaosema hapo ndipo vurugu za gesi zinapopungua kasi hadi chini ya kasi ya sauti, kwa hiyo uzi unakoma kukandamizwa. Wapo wanaosema ni ugasumaku unaoponyoka taratibu kwenye gesi. Halafu mwaka 2017 Panopoulou na wenzake wakarudia hesabu, wakasema jamani, mnapima upana sehemu nyingi za uzi kisha mnachukua wastani, wastani lazima ukae mahali pamoja. Baadaye ikaja hoja nyingine kwamba nyuzi za mbali zinaonekana nene zaidi, jambo ambalo linanuka uwezo wa darubini kuliko maumbile. Timu ya André haijakubali. Mpaka leo ni ngumi.

#15 Kaa_la_Moto
Kwa hiyo wazee wazima na shahada zao wanagombana uzi una upana gani. Nendeni kwa fundi cherehani.

#16 Fundi_Bomba
Mimi bado niko kwenye matone. Matone ya bomba yana nafasi sawasawa. Vinundu navyo vina nafasi sawa?

#17 Mwalimu_Chaki
Swali la maana hili. Nadharia inasema uzi mtulivu ukijikata, nafasi kati ya vinundu ni kama mara nne ya upana wake. Kwa upana wa Mbeba_Boksi, inakuja 0.4 ya parseki. Ukienda kupima angani, mara nyingi vinundu vimebanana zaidi ya hapo, tena havina mpangilio. Unakuta vitatu vimeshikana, halafu kimya kirefu, halafu viwili. Ni kama shanga alizotunga mtoto.

#18 Mbeba_Boksi
Ndiyo maana nasema uzi mtulivu haupo. Unaongezewa gesi pembeni wakati unakatika. Fundi, jaribu kufikiria bomba linalovuja huku mtu analimwagia maji.

#19 Fundi_Bomba
Hiyo mbona ndiyo kazi yangu ya kila siku.

#20 Mlinzi_wa_Zamu
Ahsanteni, nasoma huku nikizunguka ghala. Nimeelewa uzi unavyokatika. Sijaelewa nani anausokota. Mwalimu anasema chapati, mvutano peke yake. Sasa Darubini kasema kuna nyuzi hata kwenye mawingu yasiyozaa kitu. Kama mvutano ndiye msokotaji, hizo nyuzi tasa kasokota nani?

#21 Darubini_ya_Mkopo
Umemkaba mwalimu kooni. Mfano wake upo: wingu la Polaris Flare, upande wa Nyota ya Kaskazini, ambayo sisi wa Tanzania hatuioni kabisa. Limejaa nyuzi, ila nyepesi, chini ya ule mstari wa majua 16, na nyota hazizaliwi. Nyuzi zimetangulia, mvutano bado haujashika usukani. Kwa hiyo mimi niko upande wa vurugu: gesi inakwenda kasi kuliko sauti, mikondo inagongana, panapogongana panabanwa, na mibano miwili ikikutana unapata uzi. Mvutano anakuja baadaye kuchagua zipi nzito.

#22 Mbeba_Boksi
Na ugasumaku mnauacha wapi? Siku ile ile na roketi ile ile iliyopeleka Herschel ilipeleka na satelaiti ya Planck. Planck ikachora ugasumaku kwa jinsi chembe za vumbi zinavyojipanga. Ikaonekana mistari myepesi inakwenda sambamba na ugasumaku, nyuzi nzito zinaukata kama pembe mraba. Kwenye Ng'ombe unaona vimistari vyembamba vinaingia kwenye uzi mkubwa kutoka ubavuni, kama vijito kwenye mto. Maana yake gesi inateleza kufuata sumaku, inashindwa kuikata, inajikusanya inapokutana. Vurugu tupu zisingepanga kitu hivyo.

#23 Mtoto_wa_Malindi
Nyote mwaanzia katikati ya safari. Mwaka 2022 Catherine Zucker na wenzake walionyesha kwamba jua letu liko ndani ya kiputo cha upana wa miakanuru elfu moja hivi, kilichopulizwa na nyota zilizolipuka, takriban 15, kuanzia miaka milioni 14 iliyopita. Na mawingu ya karibu nasi yanayozaa nyota, Ng'ombe akiwemo, yamekaa juu ya ngozi ya kile kiputo. Mlipuko ulisukuma gesi kama reki. Huyo ndiye msokotaji.

(Hiyo haikutoka Malindi, nakubali.)

#24 Darubini_ya_Mkopo
Kiputo kinaeleza gesi ilifikaje pale. Hakielezi kwa nini ndani ya ngozi ya kiputo kuna nyuzi badala ya ngozi laini. Na Polaris Flare yangu bado iko pale pale, haijajibiwa na mtu.

#25 Ibada_Kwanza
Mungu alisema kuwe, ikawa. Mada ifungwe.

#26 Somo_wa_Jambiani
Amin. Na kamba ya usumba pia Mungu ndiye kaiumba, lakini vidole vimeniuma mimi. Acha watu waulize namna.

#27 Nahodha_Mstaafu
Nimepita kimya kimya siku zote, leo nichangie. Zamani tukivuka usiku kutoka Tanga kwenda Pemba, Msalaba wa Kusini ukiwa umesimama wima, kushoto kwake chini kuna doa jeusi. Mahali pengine Njia Nyeupe imejaa maziwa, pale pametobolewa. Babu yangu alikuwa anasema hapo taa imezimwa. Nilipokuwa kijana nilidhani ni wingu la mvua, nikawa nalisubiri lisogee. Halikusogea. Je, hilo ni katika hayo mnayoyasema?

#28 Darubini_ya_Mkopo
Shikamoo nahodha. Ndilo hasa. Linaitwa Mfuko wa Makaa. Hakuna tundu, ni vumbi na gesi baridi vimeziba nyota za nyuma. Umeliona wingu la molekuli kwa jicho tupu, wengi hapa tumeona picha tu.

Na jirani yake chini kidogo, kwenye kundi la Nzi, kuna uzi mmoja mwembamba ulionyooka ajabu, Musca. Kwa miaka watu waliutolea mfano wa uzi safi. Mwaka 2018 Tritsis na Tassis wakaja na makala: mistari iliyouzunguka inatikisika kama ngoma, na kwa mdundo wake wakapiga hesabu kwamba ule si uzi, ni shuka. Limesimama ubavu kwetu, tunaona ukingo tu.

#29 Mlinzi_wa_Zamu
Subiri. Yaani uzi maarufu unaweza kuwa shuka?

#30 Mwalimu_Chaki
Ndiyo chapati yangu hiyo, imesimama kwa ukingo! Ila kusema kweli wengine walipima uzito wa gesi na ramani za vumbi za pande tatu wakasema hapana, ni uzi kweli. Wale wawili wameshikilia shuka lao.

#31 Kaa_la_Moto
Uzi, kamba, chapati, shuka. Bado mto na godoro tulale.

#32 Binti_wa_Maskati
Salaam kutoka Maskati. Mada imenifurahisha kwa sababu ya Kilimia. Huku wanaita Thurayya, bibi yangu wa Unguja alikuwa anaita Kilimia na alikuwa anautaja ule msemo wa kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kile si ni rundo la nyota pia? Kwenye picha kina moshi wa buluu umezunguka. Nadhani hayo ndiyo mabaki ya uzi uliokizaa.

#33 Darubini_ya_Mkopo
Karibu dada. Rundo ndiyo, nyota zaidi ya elfu, umbali kama miakanuru 440, umri zaidi kidogo ya miaka milioni 100. Moshi wa buluu unadanganya wengi. Uzi uliokizaa ulishatawanyika zamani, nyota changa zenyewe ziliupeperusha kwa mwanga na upepo wao. Ule moshi ni vumbi la wingu jingine ambalo Kilimia kinapita katikati yake sasa hivi. Kama gari linalopita kwenye moshi wa jalala la watu wengine.

#34 Mlinzi_wa_Zamu
Sasa turudi kwenye rundo, swali langu la pili halijaisha. Kwa nini sehemu nyingine elfu mbili?

#35 Mbeba_Boksi
Jibu linalopendwa sasa ni njia panda. Nyuzi kadhaa zikikutana, pale katikati panapokea gesi kutoka pande zote, kama stendi ya mabasi. Myers aliliandikia hilo mwaka 2009, na mwaka 2013 Peretto na wenzake walipima kwa ALMA wingu linaloitwa SDC335: nyuzi zinaingia kitovuni, na kitovuni kuna donge moja la uzito wa majua zaidi ya 500. Nyota kubwa kubwa zinaonekana kupenda stendi. Nyota ndogo zinaweza kuzaliwa njiani.

#36 Mwalimu_Chaki
Na hapo kambi zinagawanyika tena. Wengine wanasema wingu zima linaporomoka kwa ngazi, kubwa linavuta dogo, nyuzi ni mito tu ya kupeleka gesi kitovuni. Wengine wanasema hapana, vurugu zinaliinua wingu, ni sehemu chache tu zinaporomoka. Hoja ya kundi la pili ina meno: Njia Nyeupe ina gesi baridi ya uzito wa karibu majua bilioni moja. Ingekuwa inaporomoka yote bila kizuizi, tungezaa nyota za uzito wa majua mamia kila mwaka. Tunazaa uzito wa jua moja au mawili. Zuckerman na Evans walilisema hilo mwaka 1974 na bado linawasha.

#37 Darubini_ya_Mkopo
Kundi la kwanza wanajibu kwamba nyota changa zinawahi kuliharibu wingu kabla halijamaliza kuporomoka. Mtoto anavunja nyumba aliyozaliwa.

Na msisahau kichekesho cha Jabari. Stutz na Gould mwaka 2016 waliona nyota vichanga kabisa bado zimekaa juu ya uzi, ila wakubwa wao kidogo wametapakaa pembeni na mwendo wao mkubwa. Wakasema uzi wenyewe unapepea huku na huku, na nyota ikishakuwa nzito inashindwa kufuata, inaachiliwa kama jiwe la kombeo.

#38 Fundi_Bomba
Sasa hiyo ndiyo naipenda. Bomba la mpira ukiliachia maji kwa nguvu bila kulishika. Linacheza lenyewe na linalowesha mtaa.

#39 Binti_wa_Maskati
Kama nyota nyingi zinazaliwa rundo, mbona jua letu liko peke yake?

#40 Mwalimu_Chaki
Lada na Lada mwaka 2003 walikadiria kwamba asilimia 70 hadi 90 ya nyota zinazaliwa kwenye marundo yaliyofunikwa na gesi, lakini marundo yanayofikia umri wa Kilimia ni machache sana, chini ya moja katika kumi. Gesi ikiondoka, kilichokuwa kinawashika pamoja kimeondoka. Jua letu laweza kuwa mmoja wa waliotawanyika. Ndani ya vimondo vya kale kuna alama za aluminiamu inayooza haraka, ile yenye namba 26 ambayo nyota kubwa huitengeneza, na wengi wanaisoma kama dalili kwamba tulizaliwa jirani na nyota kubwa.

#41 Mbeba_Boksi
Hiyo asilimia inategemea unaita nini rundo. Bressert na wenzake mwaka 2010 walipima msongamano wa nyota changa za jirani zetu wakakuta unashuka taratibu, hakuna mstari wa kusema hapa rundo, hapa siyo. Ni kama kuuliza Kibaha inaishia wapi na Dar inaanzia wapi.

#42 Mlinzi_wa_Zamu
Kibaha inaishia pale foleni inapoanzia.

Haya, saa tisa hii. Bosi kapita ghafla, kanikuta nimelala chali kwenye mkeka, darubini ndogo ya kuazima usoni, natafuta ule ukungu wa kwenye upanga wa Jabari. Nimeuona, ni kama pumzi kwenye kioo. Kauliza, "Huko juu unalinda nini?" Nimepigwa butwaa, nikamwonyesha Kilimia kinachoelekea kuzama. Kauliza, "Kwa hiyo mvua lini?"

#43 Somo_wa_Jambiani
Ungemjibu kwa utaratibu. Kuzama kunakosemwa si kuzama kwa kila usiku. Ni kule kinapopotea magharibi baada ya magharibi kuingia, wakati wa masika, kisha kinazuka alfajiri ya mwezi wa sita mvua imekwisha. Kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wakulima ndiyo walikuwa wanakifuata, ndiyo jina lake.

#44 Kaa_la_Moto
Sasa bosi umemjibuje?

#45 Mlinzi_wa_Zamu
Nimemwambia nitauliza kwenye uzi. Kaondoka na mkeka.